Uzee Si Sauti

Kuna binti mmoja wa mtaa wetu hapa Makutano, Meru, ambaye ana KSh 16,000 za kununua gitaa. Zimekaa kwa simu yake miaka miwili. Duka halijamshinda, na mwalimu yupo. Kinachomshinda ni kwamba kila akisema kwenye grupu yetu ya WhatsApp kuwa anataka kujifunza gitaa la slaidi, wanaume watano wanamjibu kwa pamoja: ngoja. Usinunue takataka mpya za madukani. Weka akiba, utafute vinteji. Mmoja humtumia picha ya National ya chuma ya miaka ya 1930, inang'aa kama sufuria ya harusi, bei yake ukiibadilisha kwa shilingi unaweza kujenga nyumba ya mawe kule Nkubu. Binti anajibu "sawa", halafu ananyamaza miezi mingine mitatu.

Nimechoka na huo ukimya. Naandika kuupinga, na naandika nikiwataja wanaouleta: sisi, wanaume wa vinteji.

Kwanza tuelewane. Gitaa la slaidi ni lile ambalo nyuzi zake hazibonyezwi hadi ubaoni. Unachukua kitu kigumu, shingo ya chupa, kipande cha bomba, kisu, unakitelezesha juu ya nyuzi, na noti inapanda au inashuka bila kukatika, kama sauti ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Kuna la kushikwa kawaida, na kuna la kulazwa mapajani. Kama umekulia upande huu wa Mlima Kenya unaijua hiyo sauti hata kama hujui jina lake. Ndiyo inayolia nyuma ya nyimbo za kantri redioni, ule mchana wa Jumapili baada ya kanisa, Jim Reeves akiimba na mzee wa nyumba kafumba macho kwa kiti, na hakuna mtu anathubutu kubadilisha stesheni. Tunaipenda kupita kiasi. Lakini wanaoipiga, kuanzia Embu mjini hadi Maua, unaweza kuwahesabu kwa vidole na bado ubaki na kidole cha kuvaa slaidi.

Kwa nini tuwe wachache hivyo? Sababu ni nyingi, sikatai. Ila mojawapo ni hii imani kwamba mlango wa slaidi una ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulitengenezwa Marekani kabla babu zetu hawajaoa.

Nami niliiamini. Oktoba 2021, bonasi ya majani chai ilipoingia, mamangu, ambaye shamba lake liko upande wa Runyenjes, alinipa KSh 40,000. Aliniambia nizifanyie kitu ambacho kitanisaidia. Nikaongeza 35,000 zangu, nikashuka Nairobi kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na gitaa la miaka ya 1960 kutoka ng'ambo. Nataka hili lieleweke vizuri: halikuwa feki. Sikutapeliwa. Lilikuwa la zamani kweli kweli, na uzee wake ndio ulionimaliza.

Nililirudisha Embu kwa mathree, nimelipakata kama mtoto mchanga, nikalivalisha nyuzi nene za slaidi. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba za kawaida, zikishakazwa huvuta kwa nguvu inayofika kilo 70 na zaidi. Fikiria mtu mzima ameketi juu ya daraja la gitaa lako usiku na mchana. Gitaa jipya limetengenezwa jana kubeba huyo mtu. Langu lilikuwa limembeba miaka sitini, kwa gundi ya miaka sitini. Mvua za Novemba zikaja, mbao zikavuta unyevu na kupanuka. Jua la Januari na Februari likaja, zikasinyaa. Kufika Machi daraja lilikuwa limeanza kung'oka, linainuka na ngozi ya uso wa gitaa, na shingo ilikuwa imepinda kama jembe la zamani.

Nikalipeleka kwa fundi seremala mmoja wa Dallas. Naam, Embu ina mtaa unaitwa Dallas, na hapo ndipo sisi watu wa kantri tulipokaribiana na Texas zaidi. Mzee akachungulia ndani kwa tochi ya simu.

"Kijana, hii ulipewa ama ulinunua?"

"Nilinunua, mzee."

"Pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akazima tochi.

"Hiyo ni ng'ombe," akasema. "Ng'ombe wa maziwa."

Wiki hiyo mama alipiga simu akauliza swali moja tu: "Hiyo gitaa inaimba?" Nikamwambia iko kwa fundi. Ilikaa kwa fundi mwaka mzima, na kila Jumapili aliuliza, na kila Jumapili jibu likawa lile lile.

Sasa wenzangu wa grupu watasema nilinunua vibaya. Eti ningechunguza gundi, ningepima shingo, ningelipa zaidi kidogo nipate lililotunzwa. Huo ndio ujanja wa hii dini. Gitaa la vinteji likiimba, ni kwa sababu ni la vinteji. Likikataa kuimba, ni kwa sababu wewe hukulipa vya kutosha. Hakuna siku uzee wenyewe utashtakiwa. Basi mimi naushtaki.

Tuanze na historia, maana wao hupenda kutupigia historia kichwani. Gitaa la slaidi kama tunavyolijua leo lilitokea Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku, kijana wa shule aliyegundua kwamba chuma kikitelezeshwa juu ya nyuzi kinatoa sauti mpya. Husimuliwa kwamba alianza na vitu vya kawaida tu, kitana, kisu, chuma cha reli. Angalia basi: kijana, shule, kitana. Hakuna mnada hapo, hakuna cheti cha umri.

Kisha njoo kwa hizo National zinazotumwa kwenye grupu. Mwaka 1927 John Dopyera, fundi aliyehamia Marekani kutoka nchi ambayo leo ni Slovakia, alikuwa anatatua shida moja: gitaa lilikuwa halisikiki bendi ikipiga. Akaweka koni za alumini ndani ya mwili wa chuma, kama spika, ili sauti itoke kwa nguvu. Ilikuwa teknolojia mpya ya mwaka huo. Mwaka uliofuata Tampa Red, mpigaji wa bluzi wa Chicago, akajinunulia yake. Ikiwa mpya. Inanukia kiwandani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, umeme ukaingia, Rickenbacker wakatoa gitaa la kulaza mapajani lenye umbo la kikaango, na wapigaji wa Hawaii wakaliruka bila kuuliza lina historia gani. Sisi tunalisujudia kwa sababu limezeeka. Wao walilinunua kwa sababu lilikuwa jipya. Tunadai kuwafuata na tunaenda njia tofauti kabisa.

Hata ile slaidi yenyewe. Duane Allman alivaa kichupa cha dawa ya mafua kidoleni. Lowell George alitumia soketi ya kufungulia plagi za gari, kitu ambacho ukienda kwa mekanika yeyote Gakoromone atakutolea kwa sanduku la spana. Hawa ni watu ambao rekodi zao wenzangu huzisikiliza wakitikisa kichwa, kisha wanamwambia binti wa watu asubiri.

Na tusiende mbali. Kenya hii hii, George Mukabi, aliyefariki 1963, alipiga gitaa la omutibo huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushikilia mdundo. Nani alimuuliza hiyo chupa ni ya mwaka gani? Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha", jina ambalo ni Jimmie Rodgers lililopita kwenye ulimi wa Kikalenjin. Rodgers ni yule mwimbaji wa kantri ambaye mwaka 1929 alirekodi na mpigaji slaidi wa Kihawaii, Joe Kaipo. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa. Na wale waliozisikia walifanya nini? Hawakungoja meli ilete gitaa kama la Rodgers. Walichukua chombo chao cha nyuzi walichokuwa nacho, wakaimba. Leo rekodi hiyo inajulikana dunia nzima.

Ukitaka mfano mwingine wa Afrika, King Sunny Adé wa Nigeria aliingiza gitaa la slaidi lenye pedali katika bendi yake ya juju, likipigwa na Demola Adepoju, na albamu ya Juju Music ya 1982 ikalisambaza ulimwenguni. Lilikuwa chombo cha viwanda vya kisasa, likaongea Kiyoruba. Ukienda India, Vishwa Mohan Bhatt hakununua la kale, alilichukua gitaa akalibadilisha, akaongeza nyuzi mpaka likawa chombo kingine, akakiita Mohan veena. Albamu aliyorekodi na Ry Cooder ilishinda Grammy mwaka 1994. Kila mahali slaidi ilipoota mizizi, ilioteshwa na mtu aliyekataa kungoja.

Sawa, watasema, lakini sauti je? Mbao za zamani zimekauka, zimefunguka, zina utamu ambao mpya hazina.

Hapa nitakuwa mkweli: mbao hubadilika zikizeeka, na yapo magitaa ya zamani yenye sauti ya kukutoa machozi. Nimeyasikia. Ninachopinga ni uhakika wa hawa ndugu zangu kwamba sikio lao linaweza kuutambua umri. Chombo ambacho uzee wake umeabudiwa kuliko vyote duniani ni fidla ya Stradivari. Watafiti wakiongozwa na Claudia Fritz wa Ufaransa waliwahi kuwapa wapigaji kumi wa ngazi ya juu kabisa fidla 12, mpya na za kale za mafundi wa Italia, wakavaa miwani meusi ili wasione wanachoshika. Matokeo yalichapishwa 2014. Sita kati ya kumi walichagua fidla mpya kuwa ndiyo wangeondoka nayo, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya. Kubashiri ipi mpya na ipi ya kale, hawakufanya vizuri kuliko anayerusha shilingi hewani. Najua, fidla si gitaa, na hizo mpya zilitengenezwa na mafundi hodari, si za elfu kumi na sita. Lakini kama bingwa wa dunia hawezi kuusikia uzee kwenye fidla, msee wa Makutano anausikiaje kwenye video ya YouTube, kwa simu, ndani ya probox?

Halafu kuna jambo ambalo wenye vinteji hawalitaji kabisa, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu lingemsaidia yule binti leo. Slaidi haihitaji vitu vingi unavyolipia kwenye gitaa la bei. Shingo laini inayokaa vizuri mkononi? Hubonyezi. Freti zilizosawazishwa kwa ustadi? Huzigusi, zimebaki kama alama za barabarani za kukuonyesha ulipo. Nyuzi zilizo karibu na ubao ili vidole visiumie? Slaidi inataka kinyume chake: nyuzi ziinuliwe, la sivyo chuma kitagonga freti na kulia kama kijiko kwenye sahani.

Ambacho slaidi inataka ni hiki. Nyuzi nene kiasi, ili zibebe uzito wa chuma. Nyuzi zilizoinuka, milimita tatu au nne juu ya freti ya 12 kama unashika gitaa kawaida, na zaidi sana kama unalilaza mapajani. Kutuni wazi, yaani nyuzi zote zikipigwa pamoja zitoe kodi moja kamili: D, G, D, G, B, D, ukianzia uzi mnene. Slaidi yenye uzito wa kutosha. Na sikio. Sikio ndilo ghali kuliko vyote, maana pasipo kubonyeza hakuna freti ya kukuokoa. Ukipita kidogo, umepotea. Ukipungukiwa kidogo, umepotea. Sikio halipatikani kwa kuweka akiba. Linapatikana kwa kupiga vibaya kila jioni mpaka majirani wakuzoee.

Kuinua nyuzi kwenyewe hakugharimu hata fare ya kwenda Nairobi. Ile fito ndogo nyeupe iliyo juu ya shingo, nyuzi zinapopitia, kwenye magitaa ya bei ya chini huwa ni plastiki. Nenda kwa muuza nyama, omba mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe, uchemshe utoe mafuta, uanike, usuguwe kwa msasa hadi uwe mrefu kuliko ile plastiki, ukate njia sita za nyuzi. Langu la pili nilifanya hivyo. Mfupa nilipewa bure pamoja na maswali mengi.

Hoja yao ya mwisho ni pesa. Eti vinteji ni uwekezaji, haishuki bei. Haishuki bei wapi? Uwekezaji ni kitu ambacho mtu mwingine atakinunua. Nionyeshe mtu Embu au Meru ambaye atanunua gitaa la 1964 kwa laki saba siku ambayo mtoto wako amefukuzwa karo. Soko la hivyo vitu liko ng'ambo, na kulifikia ni safari ya vibali. Magitaa mengi ya zamani ya bei yana mbao ya mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, na tangu 1992 biashara ya kimataifa ya mti huo imebanwa na mkataba wa CITES katika orodha yake kali kuliko zote. Huvukishi mpaka hivi hivi. Na matengenezo? Kampuni ya Martin, inayoheshimiwa kuliko nyingi, haikuanza kuweka chuma cha kurekebishika ndani ya shingo za magitaa yake hadi 1985. Shingo ya gitaa la kabla ya hapo ikipinda, hukazi skrubu, unaing'oa na kuipachika upya. Fundi wa kuing'oa Meru ni yupi? Mimi wangu alikuwa seremala wa vitanda, na nashukuru Mungu alikuwa mwaminifu wa kuniambia hivyo.

Kwa hiyo pesa ya chai inatoka Runyenjes, inashuka Nairobi, inavuka bahari, na kinachorudi ni kitu kisichoweza kuishi katika mvua zetu. Nikiliangalia hivyo, naona tumefanya biashara ambayo babu zetu walituonya kuihusu.

Sasa nisije nikaonekana naimbia nyimbo magitaa mapya. Mapya ya bei ya chini yana aibu zake. Uso wa plaiwudi, vigingi vinavyolegea katikati ya wimbo, freti zenye ncha za kukukwaruza kama waya wa seng'enge. Lakini tazama aina ya hizo aibu. Kigingi unabadilisha. Ncha unapiga tupa. Na plaiwudi, ambayo wote tunaidharau, haipanuki wala kusinyaa kama ubao mzima, kwa hiyo inavumilia mvua ya Aprili Embu na baridi ya Julai Meru na buti la mathree kwenye kona za Nithi. Kasoro za gitaa jipya zinarekebishika kwa KSh 2,000 na Jumamosi moja. Kasoro za langu la zamani zilihitaji ng'ombe wa pili.

Wala simtukani mzee yeyote mwenye gitaa lake la zamani. Tofautisha kuukuu na vinteji. Kuukuu ni kitu kilichozeeka kikifanya kazi. Vinteji ni uzee uliotundikwa bei. Kama mjomba wako ana gitaa chini ya kitanda, lile alilopigia kwaya, nyuzi zimeshika kutu na zimeinuka hadi hakuna anayeweza kulibonyeza, usilitupe na usiliuze. Hakikisha halijapasuka, livalishe nyuzi, tuni wazi, chukua chupa. Kile kilicholiua kwa vidole ndicho kinacholifaa kwa slaidi. Hilo ndilo gitaa la zamani pekee ninalokushauri ulitafute, na bei yake ni kumsalimia mjomba.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo inanifanya nisilale. Baada ya mwaka, yule fundi wa Dallas aliniambia hawezi kulifufua langu, lakini amelipima. Kila kitu: upana wa kiuno, unene wa mgongo, mbavu za ndani. Akaniuliza nikimletea mbao atajaribu? Nikamletea mukima, ule mti unaouona kwenye mpaka wa kila shamba Embu, asili yake Australia, umekaa kwetu hadi tumesahau ni mgeni. La kwanza lilikuwa kitanda chenye nyuzi. Zito, bubu, sauti imekwama kifuani. Akacheka, akakonda uso wake kwa randa, akapunguza mbavu. La pili aliliwekea mgongo wa kipande cha muuru alichobakiza kwa meza ya mteja, muuru huu wanaouita Meru oak, mti ambao makao yake ya asili ni miteremko ya mlima wetu huu. Kazi ya mikono alinitoza KSh 12,000.

Je, linashinda gitaa zuri la vinteji? Hapana. Sitawadanganya kwa sababu ya uzalendo. Linakosa utamu fulani kwenye nyuzi nyembamba, na nilihesabu kasoro saba siku ya kwanza. Lakini kila kasoro ina mtu wa kumpelekea, na huyo mtu yuko Dallas, anapokea simu, na la tatu atalitengeneza vizuri zaidi. Huo ndio mnyororo ambao vinteji hukata. Dopyera alipata kutengeneza la kumi kwa sababu watu walinunua la kwanza. Kama kila mwenye pesa kidogo Meru na Embu anazituma kwa gitaa la marehemu, fundi wetu hatafika la kumi kamwe, na miaka hamsini ijayo wajukuu zetu hawatakuwa na kuukuu lao la kubishania.

Nimelipiga hilo la mukima mbele ya mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilipiga wimbo wa kanisa anaoupenda, polepole, nikikosea mahali pawili. Hakusema ni zuri. Aliuliza kama ni lile la bonasi. Nikamwambia hapana, la bonasi lilikufa. Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Rudia hapo juu, ulipotea." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepungukiwa kidogo.

Kwa hiyo, dada yangu wa KSh 16,000, na wewe mwingine unayesoma hii ukiwa Kangaru au Nkubu au Chuka, ukingoja wanaume watano wakubali: hatutakubali. Tumezoea kungojesha watu, inatufanya tujione wataalamu. Jumamosi hii nenda dukani. Chukua gitaa jipya la KSh 12,000, lipige pale pale, angalia shingo iwe imenyooka ukiitazama kwa jicho moja kama bunduki, zungusha vigingi vyote sita, kataa kilicholegea. Elfu nne zinazobaki ni za nyuzi nene, mfupa, na soketi ya mekanika inayokaa kidoleni. Jumapili njoo kwangu na utuni wazi. Utapiga vibaya. Sote tutapiga vibaya. Na kwenye grupu usiulize tena, tuma sauti tu.